Wajomba wawili walirudi Burundi, kila mmoja akapokelewa kivyake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Kaliua. Mama mkwe wangu aliletwa makazi ya Ulyankulu mwaka 1972 akiwa mtoto, wametokea Nyanza-Lac, Burundi. Yeye alichukua uraia wa Tanzania. Kaka zake wawili walichagua kurudi mwaka 2008. Mmoja alipewa nusu ya shamba la baba yao la mlimani. Mwingine alidai shamba la michikichi kule tambarare ya ziwani, akaishia kupangiwa nyumba kwenye kijiji cha amani. Halafu jirani yao, mkimbizi wa 72 kama wao, shauri lake liliamuliwa mwaka 2012 na akarudishiwa shamba zima. Serikali ni ileile, tume ni ileile. Kuna utaratibu hapo au ni bahati ya mtu? Nchi nyingine hufanyaje? Na mama mkwe, je, ana haki yoyote?"

Marahaba, mwanangu. Bahati ipo kidogo, lakini haielezi yote. Ukinipa mambo mawili tu kuhusu mkimbizi aliyerudi, yaani nani alikuwa amelikalia shamba lake na shauri lake liliamuliwa mwaka gani, nitakueleza karibu kila kilichompata bila kulijua jina lake. Wajomba wa mkeo wanaingia humo humo.

Nianzie mpakani, ingawa si pa maana sana. Miaka ile niliwahi kukaa mkoa wa Makamba nikifuatilia mashauri ya ardhi, na nikawa napita mara kwa mara pale Mugina, ng'ambo ya Manyovu. Malori yalikuwa yakishusha watu, mbuzi, mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba za Tanzania, milango mizima na fremu zake. Watu wanaandikwa, wanapewa turubai, ndoo, sufuria, chakula cha miezi kadhaa na fedha kidogo mkononi. Mkubwa anatoa hotuba, watoto wanaimba. Kwa kweli walipokelewa vizuri, na sisemi kwa kejeli. Ila mpakani ni rahisi kupokeana vizuri kwa sababu hakuna mtu pale aliyekalia kitu cha mwenzake.

Kisheria kazi ya serikali imeandikwa waziwazi. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, unasema kurudi kuwe kwa hiari, anayerudi apewe haki zote za raia, na asiadhibiwe kwa kosa la kukimbia. Mkataba huo hausemi nini kifanyike ukimkuta mtu sebuleni kwako. Kila nchi imejitafutia jibu lake.

Sasa turudi mwaka 1972. Mauaji ya mwaka ule, ambayo Warundi huyaita ikiza, yalianza baada ya uasi wa tarehe 29 Aprili kusini mwa nchi, huko Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi. Jeshi la Rais Micombero likalipiza kwa kuua Wahutu nchi nzima, kuanzia waliosoma. Waliobaki hai huku kusini wakavuka kuja kwetu, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao waliacha tambarare ya Imbo, ardhi ya ufukweni mwa Tanganyika, nzuri kwa michikichi kama ilivyo Kigoma. Ardhi ya namna hiyo haikai wazi. Nyingine ilichukuliwa na majirani na ndugu. Nyingine serikali yenyewe iliigawa kwa watu wa kutoka mikoa mingine, au ikaiingiza kwenye miradi ya mawese ya shirika la umma, mkulima akapewa kipande chake na namba yake. Wenye vipande wakauza, walionunua wakapanda, wakazaa, wakaozesha.

Halafu kuna sheria. Mwaka 1977, Bagaza alipokuwa ameshika nchi, ilitoka amri kwamba waliokimbia baada ya 1972 wakirudi warejeshewe haki zao. Waliothubutu kurudi wakati ule walikuwa wachache. Mwaka 1986 ikaja sheria ya ardhi, na ndani yake kifungu ambacho mkimbizi hakukisikia kule Ulyankulu: aliyekalia ardhi kwa miaka 30 anaweza kuwa mwenyewe, na kama aliingia kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Piga hesabu. Ukianzia 1972, miaka 30 inaishia 2002, na wajomba wamerudi 2008. Kwa sheria hiyo walichelewa miaka sita.

Lakini katikati hapo kukawa na vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, na wimbi la pili la wakimbizi likamiminika Kigoma na Ngara. Mazungumzo ya kuimaliza vita yakafanyika Arusha, kwanza chini ya Mwalimu Nyerere, na alipofariki yakaendelea chini ya Mandela. Mkataba wa Agosti 2000 ukatamka kwamba kila mkimbizi aweze kuipata mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki.

Kwa hiyo mjomba anarudi na ahadi ya serikali, anamkuta shambani mtu mwenye karatasi ya serikali. Watu wengi husimulia migogoro hii kama ugomvi wa aliyerudi na mvamizi. Wavamizi wapo, nimewaona. Lakini migogoro iliyoshindikana kabisa ilikuwa kati ya watu wawili ambao serikali iliwaahidi kitu kimoja kwa nyakati mbili.

Nikupe asubuhi moja. Ilikuwa nje kidogo ya Nyanza-Lac, tumesimama chini ya michikichi, na tope la jana bado liko kwenye viatu. Mzee aliyerudi alipita mbele bila kuongozwa na mtu. Akahesabu hatua kutoka kwenye kijito, akasimama, akapiga ardhi kwa fimbo: hapa palikuwa na nyumba ya mama. Wazee wa pale wakatikisa kichwa kukubali, mmoja wao alicheza naye utotoni. Basi mwenye shamba wa sasa, naye mzee, akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ndani yake hati ya mauzo ya mwaka 1983 yenye muhuri wa komini, yaani serikali ya eneo. Hakununua kwa mkimbizi, alinunua kwa mtu aliyekuwa amegawiwa. Hakuna aliyesema uongo pale. Mwana wa yule aliyerudi, kijana aliyezaliwa Tanzania, akauliza kwa Kiswahili cha Tabora, "Sasa hii michikichi ni ya nani?" Hakuna aliyemjibu mara moja, na swali lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na unaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Ardhi ni ya mmoja, jasho ni la mwingine, na mawese ya msimu huu yamekwisha kukamuliwa.

Kazi ya kujibu maswali kama hilo ilipewa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2006. Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Tume hiyo ilikuwa na jina moja, lakini ilikuwa tume mbili.

Ya kwanza, chini ya Padri Astère Kana, ilikuwa ya kugawana. Wanafika kilimani (Warundi kitongoji chao hukiita kilima, na ni kilima kweli), wanawaita pande zote mbili na wazee, na mara nyingi mwisho wake shamba linapasuliwa katikati. Sababu yake inaeleweka. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 kwenye nchi ya kilomita za mraba 28,000 hivi, na karibu wote wanaishi kwa jembe. Ukimtoa mtu mmoja, umpeleke wapi? Mjomba wa kwanza aliingia katika kipindi hiki. Shamba la mlimani kwa kawaida lilikaliwa na jirani au watoto wa baba mdogo, watu wasio na karatasi yoyote zaidi ya mazoea ya miaka mingi. Hao hukubali nusu, kwa sababu wanajua wakikataa huenda wakakosa yote. Na yule aliyerudi naye anakubali kwa sababu mvua zimekaribia na watoto wanataka kula.

Mjomba wa pili alikuwa tambarare. Kule aliyekalia ana namba ya mradi au hati yenye muhuri, pengine ni ofisa wa zamani, na hagawani. Tena mradi ukishafuta mipaka na kupanda michikichi kwa mistari, mtu aliyeondoka mtoto hawezi kuonyesha shamba la baba yake lilianzia wapi. Kwa watu wa aina hii, na kwa wale wasiojua kabisa kilima chao, ndipo serikali na mashirika walipoanza kujenga vijiji vya amani. Mutambara, upande wa Rumonge, ni kimojawapo. Nyumba za mabati zimepangwa kwa mistari, aliyerudi na asiye na ardhi wa hapohapo wanaishi ukuta kwa ukuta. Nilivisifu mwanzoni. Baadaye niliona udhaifu wake: nyumba unayo, shamba huna, au unalo mwendo wa saa nzima kwa miguu, na karatasi ya kukuhakikishia kwamba nyumba ni yako inasubiriwa mwaka hadi mwaka. Mtu aliyekuwa akilima ekari zake Ulyankulu na kuuza tumbaku anageuka kibarua kwenye mashamba ya mawese ambayo anaamini ni ya babu yake. Hilo linauma zaidi ya njaa.

Mwaka 2011 uongozi ukabadilika, akaja Askofu Sérapion Bambonanire, na msimamo ukageuka: mali ya mkimbizi ni ya mkimbizi, irudishwe yote, aliyenunua akamtafute aliyemuuzia. Jirani yenu aliamuliwa mwaka 2012, basi akapata shamba zima. Kama angeharakisha miaka mitatu, angepata nusu. Hata baadhi ya mashauri yaliyokwisha kugawanywa yalifunguliwa upya, kwa hiyo watu waliokuwa wamezoeana tena, wameshaanza kuazimana jembe, wakarudi kwenye ugomvi. Mwaka 2013 familia moja ilipotakiwa kuhama nyumba yake mtaa wa Ngagara, Bujumbura, majirani walijitokeza barabarani na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Mwisho wa mwaka huohuo sheria mpya ikaipa tume nguvu zaidi, na mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi.

Siasa ilikuwamo, nisikufiche. Waliorudi wa 72 ni Wahutu, na chama kilichotawala kilizaliwa kwenye msitu wa waasi wa Kihutu. Waliokalia tambarare wengi ni Watutsi, ingawa Wahutu pia wamo, tena si wachache. Upinzani ukasema tume inalipiza kisasi kwa mihuri. Waliorudi wakasema kipindi cha kugawana kilikuwa ni kuhalalisha wizi. Mimi, kwa kuwa umeniuliza, naona kosa kubwa halikuwa kugawana wala kurudisha yote. Fidia iliyoandikwa Arusha haikuwekewa fungu la kutosha. Serikali iliyogawa ardhi za watu mwaka 1973 ndiyo iliyopaswa kumlipa yule wa hati ya 1983. Badala yake iliwaachia wazee wawili walipane wenyewe, na mmoja wao lazima apoteze.

Umeuliza kuhusu nchi nyingine. Jirani wa karibu ni Rwanda, na yeye alikata shauri kinyume kabisa. Mkataba wa Arusha wa Wanyarwanda, ule wa 1993, ulikiri haki ya kurudishiwa mali, lakini ukapendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai shamba lake lililokaliwa na wengine; serikali impe ardhi nyingine. Maana yake wakimbizi wa 1959, wengi wao Watutsi, walitakiwa kusamehe. Yaliyofuata 1994 hayakungoja karatasi: wakimbizi wa zamani waliingia kwa mamia ya maelfu wakati Wahutu wengi wakikimbia, wakaingia kwenye nyumba zilizoachwa, na hao waliokimbia waliporudi kwa wingi mwisho wa 1996 kutoka Zaire na Tanzania, serikali ikawaambia mgawane. Sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ilikatwa ikawa makazi na malisho, na watu wakaamriwa kujenga kwenye vijiji vya pamoja, imidugudu. Ni utaratibu mkali, na wapo waliopoteza vitu ambavyo hawatavipata tena. Lakini ulijulikana mapema. Mnyarwanda wa Karagwe alijua kabla ya kufunga mzigo kwamba la babu halirudi. Mrundi wa Ulyankulu alifunga mzigo akiwa na ahadi.

Msumbiji ni habari nyingine, na nyepesi. Baada ya amani ya 1992 walirudi watu milioni 1.7 hivi, wengi kutoka Malawi, na serikali haikufanya mengi. Machifu na wazee ndio walioonyesha watu pa kulima. Iliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwapo. Bosnia ndiyo iliyorudisha nyumba karibu zote zilizodaiwa, zaidi ya 200,000, kwa msukumo mkubwa wa wageni waliokuwa wakiisimamia nchi. Wengi wa waliorudishiwa waliziuza, wakabaki walikohamia. Na Syria ya Assad inaonyesha sheria inavyoweza kutumika kufunga mlango: Sheria namba 10 ya 2018 ilimpa mwenye nyumba siku 30 kuthibitisha umiliki eneo lake likipangwa upya, siku ambazo mkimbizi aliyeko Lebanoni asingeweza kuzitumia hata akitaka. Baada ya makelele zikawa mwaka mmoja.

Nimesema kana kwamba ardhi ndiyo yote. Kwa waliokimbia Burundi mwaka 2015 si hivyo. Hao walikimbia serikali, na wakirudi wanakuta chama kilekile kinatawala, pamoja na vijana wake, Imbonerakure, kwenye kilima chao. Mashamba yao mara nyingi yapo, shida yao ni kuangaliwa kwa jicho baya. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyofanya kazi kuanzia 2016 hadi 2021 iliandika habari za waliorudi kutishwa na kunyanyaswa. Kwao kile kifungu cha 1969 cha kutoadhibiwa kwa kukimbia kina uzito kuliko cha mali.

Na watoto wa wajomba, sijui kama walikusimulia, walipata msukosuko wao shuleni. Waliotoka makazi yetu walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Burundi wakakuta Kirundi kisha Kifaransa. Nilimwona kijana wa darasa la saba akirudishwa chini miaka mitatu, amekaa na watoto wanaomfika kiunoni. Wengi waliacha, wakaenda Rumonge mjini au mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili kinauza.

Tufike kwa mama mkwe. Alipochukua uraia wa tajnisi, kama wale 162,000 waliokubaliwa mwaka 2010, alitakiwa kuukana uraia wa Burundi, na hati zenyewe zilianza kutolewa mwaka 2014. Mkataba wa Arusha wa Warundi, ule wa 2000, haukumsahau mtu wa namna yake: unasema mkimbizi asiyerudi anaweza kufidiwa kama ardhi yake ilichukuliwa bila malipo. Kwenye karatasi, basi, anayo haki. Kwa vitendo kuna vizingiti viwili. Cha kwanza ni kwamba Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, na mila inampa mtoto wa kiume shamba. Binti huachiwa kipande cha kulima maisha yake tu, kaka zake wakipenda. Cha pili, muda wa tume uliisha mwaka 2022, hivyo shauri jipya leo ni la mahakama, na mahakama zimejaa kesi za ardhi.

Kwa hiyo nisingemshauri aanzishe kesi. Ningemshauri azungumze na kaka yake wa mlimani kabla kilima chao hakijafikiwa na wapimaji. Tangu sheria ya ardhi ya 2011, komini hutoa vyeti vya ardhi baada ya kwenda shambani na kuwaita majirani na ndugu washuhudie. Cheti kikitoka kwa jina la kaka peke yake, mama na watoto wake hawapo tena. Kikiandikwa kuwa ni mali ya familia na majina yakaorodheshwa, wapo. Asafiri mwenyewe siku hiyo akiweza. Asipoweza, amwandikie kaka yake barua mbele ya mashahidi, ataje kijito kinachopita chini ya shamba, minyaa ya mpakani ilipandwa na nani, jirani wa juu na wa chini waliitwaje mwaka ule. Kaka zake walikuwa wakubwa kuliko yeye walipoondoka, lakini usishangae akikumbuka zaidi yao; mtoto aliyetumwa maji kila siku anaijua njia ya kijitoni kuliko mtu yeyote. Na yule mjomba wa kijiji cha amani aende naye siku hiyohiyo. Nusu ile ya mlimani ni ya baba yao wote, na sijaona popote katika maelezo yako kwamba kuna aliyemwambia hivyo.